Benchi Barazani kwa Ramnik

Ukimsimamisha Salvina leo kwenye ile barabara ya mjini Moshi, pale penye maduka ya simu na nywele za bandia, atafumba macho na kukutajia maduka ya zamani moja baada ya jingine. Wajukuu zake wanaupenda mchezo huo. Wanamshika mkono, anatembea kipofu, anasema hapa palikuwa hivi, hapa palikuwa vile, na harufu ya kila mlango anaitaja. Akifika mlango wa sita hukohoa, akarukia wa saba. Wajukuu wanadhani amesahau.

Hajasahau. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, siku chache baada ya Pasaka, naye alikuwa darasa la nne.

"Mama, nimepata kumi kwa kumi!"

Justina alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chao cha kupanga, Majengo, anachambua maharage. Mtoto alikuja mbio mpaka viatu vya plastiki vikamvuka.

"Kumi ya nini? Pumua kwanza."

"Ya kuchora! Mwalimu Theopista alisema tuchore mtaa tunaoujua na kazi za watu wake. Wenzangu wamechora migomba tu. Priska kachora kanisa, na padri wake hana miguu. Mimi nimechora mjini kote. Ile karatasi kubwa niliyopewa na Bwana Ramnik, imejaa yote! Mwalimu kaibandika ukutani, juu ya ubao, mbele kabisa."

"Mungu ashukuriwe," alisema Justina, akatabasamu. Siku zile kutabasamu kulikuwa kazi. "Hebu niambie, umechora nini na nini?"

Salvina akakaa chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Nimeanzia kwa Indira. Mitungi ya peremende, na yule paka wake. Paka kanitoka mkubwa, kaziba mlango. La pili studio kwa Dhirendra, na lile pazia la milima watu wanaposimama kupigwa picha. La tatu kwa Kalasinga Jaswant, misumari na mabati na mizani. La nne la mikate, ila nimeandika 'hakuna unga' kwa sababu mlangoni wameandika hivyo."

Justina akacheka kweli sasa. "Ee mtoto wewe!"

"La tano la dawa, chupa za rangi rangi. La sita kwa Bwana Ramnik."

"Na baba yako umemchora?"

"Nimemchora! Barazani, na cherehani yake, na futi shingoni. Na benchi lake, na majora ndani."

Mkono wa Justina ukasimama juu ya ungo. "Ndani ya nini?"

"Ndani ya benchi. Mwalimu alisema ukichora nyumba uonyeshe na vilivyomo."

"Umechora mangapi?"

"Saba. Matatu meupe, manne ya kaki. Yamelala hivi, kama watoto kitandani."

"Nani alikuambia yamo saba, Salvina?"

Mtoto akaona uso wa mama yake, sauti ikapungua. "Niliyaona siku Baba na Bwana Ramnik wanayaweka. Nilikuwa nimepeleka chakula. Baba aliniambia nisimwambie mtu." Akameza mate. "Sikumwambia mtu, Mama. Nimechora tu."

Maharage mabovu na mazima yalikuwa yamechanganyika tena kwenye ungo. Justina hakuyaona.

"Na kesho kutwa, Ijumaa," Salvina alisema polepole, "anakuja Katibu Ebenezeri wa Chama kuitembelea shule. Mwalimu kasema mimi ndiye nitakayesimama nimweleze picha."

*

Wiki mbili hivi zilikuwa zimepita tangu redio ianze kuwataja wahujumu uchumi. Watu walikuwa wanasombwa kwenye malori pamoja na bidhaa zao. Mtu akikutwa na katoni tatu za sabuni, anaulizwa tatu za nini. Huko chini kwenye daraja, watu walisema, sukari ilimwagwa mtoni gunia zima, na wanawake wa ng'ambo walichota maji matamu. Labda ni kweli, labda si kweli. Lililokuwa kweli ni kwamba mwenye duka la baiskeli, mtu mpole aliyekuwa akiwagawia watoto mipira mibovu ya tairi, alipandishwa gari mchana kweupe na mkewe akabaki amesimama njiani na kiatu kimoja.

Siku ileile Ramnik, mwenye duka la vitambaa, alimwita Wenseslaus, baba yake Salvina, ndani. Wenseslaus alikuwa fundi wake wa barazani kwa miaka kumi na mmoja. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho mlangoni, anapimwa hapohapo. Cherehani ilikuwa ya Wenseslaus, baraza la Ramnik, na benchi la mninga alilitengeneza Wenseslaus mwenyewe, lenye kifuniko, la kuwekea viraka na nyuzi na kukalia.

"Fundi," Ramnik alisema, "nina majora saba yamebaki. Nikiweka juu ya kaunta wanasema nimetoa wapi. Nikiweka stoo wanasema nimeficha. Nisaidie. Benchi lako hakuna mtu anatazama."

Wenseslaus angeweza kukataa. Aliwaza baraza, akawaza kodi ya chumba, akawaza pia kwamba Ramnik alikuwa amemwahidi kitambaa cheupe cha gauni la komunyo ya kwanza ya Salvina. Akafungua kifuniko. Ndipo mtoto alipotokea na bakuli la chakula.

*

Alhamisi Justina alipeleka chakula mwenyewe. Kiburu cha ndizi na maharage, kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alipita barabarani akitembea katika picha ya mwanawe. Kwa Indira mitungi ya peremende ilikuwa mitupu, paka amelala juu ya kaunta. Pazia la milima kwa Dhirendra lilikuwa limekunjwa, maana filamu hakuna. Kwa Jaswant mlango nusu. Kwenye mikate, kile kibao. Kila mwenye duka alimtazama kwanza mikononi, ndipo usoni, ndipo akaitikia salamu.

Alifika kwa Ramnik. Juu ya benchi alikuwa amekaa mgambo aliyepangiwa kulinda barabara ile.

Alikuwa kijana mnene, jina lake Primus, suruali yake iko kwa Wenseslaus inashonwa matako, naye amejifunga kanga ya Lata, mke wa Ramnik, kiunoni. Bunduki imelazwa mapajani. Kwa raha zake alikuwa anapiga visigino kwenye ubao wa benchi. Du, du, du.

"Karibu, mama!" Akamgeukia Wenseslaus, akimwita kama wanavyoitwa Wachaga wote. "Mangi, mkeo huyu? Kaleta nini?"

"Chakula, kaka," alisema Justina.

"Lete hapa tukague." Primus akacheka sana kwa mzaha wake mwenyewe. Akafungua kitambaa, akanusa, akaanza kula kwa vidole. "Mmh. Wachaga mnajua kupika ndizi. Mangi, utakula kesho."

"Kula tu, kaka," alisema Wenseslaus. Hakuinua kichwa. Cherehani ilikwenda sawasawa, lakini Justina aliona shingo ya mumewe imelowa jasho mpaka kwenye futi.

Akamwambia kwa Kichaga neno moja la kumwita. Primus akaacha kutafuna.

"Kiswahili, mama. Siku hizi tunasema Kiswahili wote tusikie."

"Samahani, kaka. Nilikuwa namwambia habari za mtoto." Justina akashika nguzo ya baraza. "Baba Salvina, mwanao kapata kumi kwa kumi ya kuchora."

"Vizuri."

"Kachora barabara hii yote. Maduka yote. Kakuchora na wewe."

"Vizuri."

"Na benchi lako. Kalichora vizuri sana, mpaka ndani. Imebandikwa darasani, na kesho Katibu atakwenda kuitazama."

Cherehani ikasimama. Ramnik, aliyekuwa nyuma ya kaunta, akainua uso. Ilisikika tu ile du, du, du ya visigino.

"Uzi umekatika?" aliuliza Primus.

"Umekatika," alisema Wenseslaus. Akalamba ncha ya uzi, akajaribu kuutia kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza ulikosa. Mara ya pili ukakosa. Fundi wa miaka kumi na mmoja.

"Huyo mtoto ana akili!" Primus alisema huku analamba vidole. "Mimi ndio mlinzi wa Katibu kesho saa nne, nitamwona. Kanichora na mimi?"

"Hapana, kaka," alisema Justina. "Wewe hukuwepo."

*

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja shuleni. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka. Mwalimu Theopista, mwanamke mrefu wa Mwika ambaye hakuwa ameolewa na watu walisema ni kwa sababu ya ukali, alikuwa peke yake darasani anafuta ubao. Juu ya kichwa chake ilining'inia barabara nzima.

Justina hakuwa ameiona bado. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma kwanza, kwamba ilikuwa nzuri. Paka kaziba mlango, milima imo ndani ya duka. Na barazani mtu mwembamba mwenye futi amekaa, benchi limepasuliwa ubavuni kama tunda, na ndani miviringo saba imepangwa, mitatu haikupakwa rangi, minne imepakwa rangi ya udongo. Mtoto alikuwa ameandika kwa mwandiko wake bora: *Majora ya Baba.*

"Mwalimu, habari za kazi."

"Nzuri, mama Salvina. Umekuja kuona? Mwanao ana mkono."

"Nimekuja kuiomba, mwalimu. Nataka kumpelekea bibi yake, Mwika. Ni mgonjwa."

"Utaichukua Jumamosi. Mwalimu Mkuu ameshamwambia Katibu, kuna picha ya mtaa, naye anaingoja. Nikiitoa ataniuliza iko wapi."

"Mwalimu, nakuomba leo."

"Mama Salvina, nimesema Jumamosi."

Justina alikuwa mwanamke wa Jumuiya kanisani, anayesimama mbele za watu akasali bila kutetemeka. Sasa akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye vumbi la chaki. Mwalimu Theopista akashtuka, akamtazama, kisha akageuka taratibu akaitazama picha, kama mtu anayeangalia nyumbani kwake baada ya kusikia kishindo. Akatazama paka. Akatazama Kalasinga. Akafika barazani, macho yakabaki kwenye benchi. Akainua ncha ya karatasi. Nyuma yake kulikuwa na muhuri wa buluu wa kiwanda cha nguo, maana ilikuwa karatasi ya kufungia majora.

"Inuka," alisema. "Inuka, mama, mtu asipite akakuona."

"Mwalimu..."

"Sijaona kitu mimi." Sauti ilikuwa ya ukali uleule wa siku zote. Lakini kifutio alichoshika kilikuwa kimemwanguka, na hakukiokota. Yeye mwenyewe alikuwa na mche mmoja na nusu wa sabuni chini ya kitanda, na kilo mbili za sukari ndani ya mto wa kulalia, na wiki mbili alikuwa analala shingo imepinda. "Imeshahesabiwa. Nikiitoa ndio nitawafanya waulize ilikuwa na nini. Nenda nyumbani ukamfundishe mtoto cha kusema."

*

Jua lilikuwa linazama walipokaa watatu kitandani, mlango umefungwa. Wenseslaus alikuwa amekuja mapema. Alikuwa na njaa na hakuna aliyekumbuka.

"Salvina," mama yake alisema, "Katibu akikuuliza ndani ya benchi mna nini, sema ni viraka vya wateja. Umesikia?"

"Viraka havina umbo lile, Mama."

"Sema ni viraka."

Mtoto akatazama miguu yake. "Jumamosi naungama mara ya kwanza. Padri alisema tujikumbuke kwanza, hasa uongo."

Justina ndiye aliyemfundisha amri kumi, moja moja, akiosha vyombo. Aliishika rozari iliyokuwa mfukoni, akaona aibu kuishika, akaiacha.

"Mwache mtoto," alisema Wenseslaus. "Kosa ni langu. Nitakwenda mwenyewe kwa Katibu nikaseme."

"Ukaseme nini? Waliomchukua mwenye baiskeli walimpa nafasi ya kusema?"

"Sasa nifanyeje, Justina? Yule kijana anashinda juu ya benchi kama kuku anayeatamia!"

Salvina alicheka kidogo, bila kukusudia, kisha akaanza kulia.

Baba yake akamvuta. Akamfuta machozi kwa ncha ya shati. "Kesho saa nne Primus atakuwa shuleni na Katibu," alisema baadaye. "Baraza litakuwa tupu kwa saa moja."

"Utayapeleka wapi? Njia nzima ina macho."

"Sijui," alisema Wenseslaus. "Sijui bado."

*

Ijumaa wazazi wachache waliitwa, wakasimama nyuma ya darasa. Justina alikuwa karibu na dirisha. Katibu Ebenezeri aliingia na Mwalimu Mkuu, suti yake ya kijivu imepigwa pasi, uso wa mtu aliyechoka. Nyuma yake Primus, suruali imeshonwa vizuri.

"Shikamoo Ndugu Katibu!" darasa lilipaza sauti.

"Marahaba, wanangu. Nani kachora huu mji?"

Salvina akaenda mbele. Akapewa fimbo ya kuonyeshea. Akaanza kwa sauti ndogo, lakini kadiri alivyotaja maduka sauti ilimrudia, maana aliyapenda. Indira na mitungi. Dhirendra na pazia. Jaswant na mizani ambayo siku moja alimpima nayo, akapata kilo ishirini na mbili na misumari miwili. Watu wakacheka. Katibu naye akatabasamu, akasema kweli, duka la mikate limeandikwa hivyo, ni aibu. Chupa za dawa.

Fimbo ikafika mlango wa sita, ikasimama.

"Endelea."

Salvina hakuendelea.

"Hapa ni kwa nani? Huyu ni fundi, siyo? Na haya ya mviringo ndani ya sanduku ni nini?"

Mtoto akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho. Justina alitikisa kichwa, kidogo sana, hata yeye mwenyewe hakujua alikuwa anamwambia sema au usiseme.

Primus akasogea karibu na ukuta. "Hee! Mbona kama benchi la yule Mangi? Hapo ndipo ninapokaa kila siku." Akainama asome. "Ma-jo-ra..."

Kofi lilisikika kabla hajamaliza. Salvina alipepesuka, fimbo ikaanguka. Mwalimu Theopista alikuwa amesimama mbele yake, mkono bado uko juu.

"Mwongo mkubwa wewe! Jana nilikuuliza, umeyaona haya yote? Ukasema ndiyo! Ndugu Katibu, nisamehe, nilidanganywa. Angalia mwenyewe. Paka mkubwa kuliko mlango! Milima ndani ya duka! Duka gani lina milima ndani? Huyu habuni kidogo, anabuni mtaa mzima. Kaona sanduku kalijaza, kama alivyomjaza paka." Akaishika karatasi kwa ncha, akaivuta, ikachanika vipande viwili, vinne, na vile vipande akavikunja ndani ya ngumi, muhuri kwa ndani. "Sema ulikuwa unabuni."

Salvina alitazama ngumi ile.

"Nyosha mikono."

Kiboko cha kwanza. "Sema." Mtoto alikaa kimya. Cha pili. Cha tatu. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anajua tu kwamba kila kitu kwenye karatasi ile alikiona kwa macho yake. Cha nne. Priska, rafiki yake, aliweka kichwa chini ya dawati. Cha tano kiliangukia vidole. Mwalimu Theopista alikuwa anahema, na macho yake, kama mtu angeyatazama, yalikuwa yanamwomba mtoto.

"Sema, mwanangu," Justina alisema kutoka dirishani. Watu wakamgeukia. "Mwambie Katibu kweli. Ulikuwa unabuni."

Cha sita.

"Nilikuwa nabuni," alisema Salvina.

"Basi, mwalimu, inatosha," Katibu alisema, akatazama saa. "Mtoto huyo. Ndio wanavyojifunza." Akapita kwenda kuona bustani ya shule. Primus alibaki kidogo, akaangalia ukuta mtupu, kisha akamtazama Salvina, akacheka.

"Na mimi nikamwamini!" alisema. "Nilikwisha kuogopa. Wiki nzima nakalia mali ya uhujumu!"

*

Njiani kuelekea mjini Justina alimshika mtoto bega, kwa kuwa mikono haikushikika. Karibu na kwa Dhirendra walikutana na mwanamke anakimbia, amekumbatia kitambaa cheupe. Halafu wengine wawili, wana kaki.

"Mama Salvina, kimbia! Kwa Ramnik kumetoka kitambaa! Kwa bei ya serikali!"

Foleni ilikuwa imefika kwenye duka la dawa. Milango ya Ramnik ilikuwa wazi yote miwili, kama zamani. Yeye alikuwa kaunta anapima kwa fimbo ya yadi, jasho linamtiririka, Lata anakata, na Wenseslaus anawapanga watu mstari. Juu ya kaunta palikuwa na majora sita yaliyokwisha, mbao zake tu, na la saba linakwisha.

"Nilimwambia," Wenseslaus alimnong'oneza mkewe, macho yanang'aa kwa hofu na furaha pamoja, "nilimwambia, bwana, pa kuyaficha hakuna. Tuyauze. Kitu kikiwa kaunta kwa bei yao, watasema nini? Alilia, Justina. Lakini aliyatoa mwenyewe."

"Saa ngapi?" Salvina aliuliza.

Baba yake ndipo alipoiona mikono. "Mae! Nini hiki?"

"Baba, uliyatoa saa ngapi?"

"Primus alipoondoka tu. Saa nne kasoro. Nani kakupiga?"

Salvina alikwenda kwenye benchi. Kifuniko kilikuwa wazi kwa makusudi, kila apitaye aone. Ndani mlikuwa na viraka, nyuzi, na mkasi. Alivitazama kwa muda. Katibu alikuwa ameingia darasani saa nne na robo, benchi tayari halina majora. Mtoto aliijua saa hiyo kwa sababu alikuwa ameitazama saa ya Mwalimu Mkuu mkononi wakati wote, akiomba isonge.

Saa sita Primus alirudi barazani. Akakuta watu, akakuta kaunta, akasimama akakunja uso, mkono kwenye bunduki. Kisha akauliza, "Kaki imebaki?" Akaambiwa imekwisha. Akatukana, akashusha kifuniko cha benchi, akakaa.

*

Cheupe kilibaki kipande, pungufu ya yadi mbili. Wenseslaus alimpima mwanawe jioni ileile, akamwambia inua mikono, akaona alichosema, akamwambia basi shusha. Gauni lilitoka bila mikono mirefu. Ramnik hakutaka kupokea hela. Mwaka haukuisha kabla hajafunga duka na kuhama na familia yake, na baada yake Indira, na baada ya Indira Dhirendra na milima yake.

Jumamosi watoto walipanga mstari kanisani kuungama. Mwalimu Theopista alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, ametazama sakafu, na Salvina alipopita hakuinua macho.

Zamu yake ilipofika alipiga magoti kwenye kiungamio. Kulikuwa na giza na harufu ya nta.

"Sema, mwanangu."

"Padri, nilichora kitu cha kweli. Halafu nikasema nilibuni."

Padri, mzee wa watu, alisogeza sikio kwenye wavu. "Nani alikuambia useme hivyo?"

Salvina aliwaza. Akaona ngumi ya mwalimu, akasikia sauti ya mama yake kutoka dirishani.

"Hakuna," alisema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa wake mwenyewe. Padri akampa Salamu Maria tatu. Alitoka akapiga magoti mbele ya Bikira Maria kama alivyofundishwa, akakunja mikono. Vidole vilikuwa vimevimba, havikuweza kukutana.